Masomo ya likizo: Je, mwanao anahitaji kipindi kingine au usingizi?

Asubuhi moja katikati ya likizo ya Agosti, miaka michache iliyopita, mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amemshika bintiye mkono. Walikuwa wametoka upande wa Bomet, kwenye vilima vya majani chai, na viatu vyao vilikuwa bado na matope ya njiani. Binti alikuwa na umri wa miaka 16, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Siku iliyotangulia alikuwa amezirai mbele ya wenzake katika darasa la masomo ya ziada, mwalimu akiwa anaandika hesabu ubaoni.

"Daktari," mama akaniambia, "huyu ana taifodi iliyopanda kichwani. Tumeitibu mara tatu na haitoki. Tafadhali mpe dawa kali, kwa sababu Jumatatu ni lazima arudi darasani. Nimeuza mbuzi wawili kulipia masomo haya."

Mama huyo aliniruhusu nisimulie kisa hiki, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili mtoto asitambulike. Nakisimulia kwa sababu kila likizo huja wengine wa aina yake. Wengine huumwa na kichwa kila asubuhi, wengine tumbo, na wengine hulia bila sababu inayojulikana. Wazazi wao hutafuta malaria au taifodi, na mara nyingine hufikiria kwamba mtoto amerogwa. Ni wachache mno wanaofikiria kuiangalia ratiba ya mtoto.

Nilimwomba mama atupe nafasi kidogo, muuguzi akabaki nasi. Nilipomuuliza msichana siku yake huwa vipi, alinieleza kwa sauti ya chini. Huamka saa kumi na nusu alfajiri. Hunywa kikombe cha chai na kutembea hadi darasani. Masomo huanza saa kumi na mbili na nusu na kuendelea hadi saa kumi na moja jioni, yakiwa ni Hisabati, Kemia, Fizikia, na Hisabati tena. Chakula chake cha mchana ni chai na mandazi. Akifika nyumbani huteka maji na kusaidia jikoni, na baada ya chakula cha jioni hurudia vitabu mpaka saa sita usiku. Ili usingizi usimshinde, hunywa vikombe vitatu vya strungi, yaani chai kavu iliyokolea.

Hesabu ya usiku wake ni rahisi. Kutoka saa sita hadi saa kumi na nusu ni saa nne na nusu. Huo ndio usingizi aliokuwa akiupata kwa siku kumi na mbili mfululizo.

Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na aliniambia kwamba hedhi yake hutoka kwa wingi. Vipimo havikuonyesha malaria wala taifodi. Hapa niseme kwamba kile kipimo cha Widal ambacho hutumika sana kutafuta taifodi hudanganya mara nyingi, na wengi wametibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Kilichoonekana wazi ni damu. Himoglobini yake ilikuwa gramu 9 kwa desilita, ilhali msichana wa umri wake anapaswa kuwa na angalau 12. Tena sisi tunaoishi nyanda za juu kama Kericho na Bomet, mahali penye hewa nyepesi, tunahitaji kuwa na kiasi kikubwa zaidi kidogo kuliko watu wa pwani.

Kisha nikamuuliza swali lisilo la kidaktari. "Nusu ukijumlisha na theluthi utapata ngapi?"

Aliinamisha kichwa, akafikiri, akajibu, "Mbili juu ya tano."

Jibu sahihi ni tano juu ya sita. Msichana huyu alikuwa akifundishwa logarithimu kwa saa nyingi kila siku, na mamaye ameuza mbuzi, kumbe njia ilikuwa imempotea tangu akisami za shule ya msingi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Ndugu mzazi, jambo ninalotaka kukueleza leo ni hili. Masomo ya likizo ni kama dawa. Yanaweza kumfaa mtoto sana, lakini sharti kwanza ugonjwa ujulikane, kisha dozi iwe ya kadiri, na mwili upewe nafasi ya kupokea. Dawa ikitolewa bila uchunguzi, na kwa wingi kupita kiasi, huwa sumu.

KWA NINI TUMEFIKA HAPA

Sisemi haya ili kuwalaumu wazazi. Tangu mtihani wa kwanza wa KCSE mwaka 1989, Hisabati imekuwa somo la lazima, na kila mtahiniwa hufanya masomo ya sayansi yasiyopungua mawili. Anayetaka kuwa daktari, mhandisi, muuguzi au mtaalamu wa kilimo hawezi kuukwepa mlango huo. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umebadilisha majina ya madarasa na mitihani, lakini haujaiondoa hofu ya mzazi. Katika nchi hii yetu ya chai, ambako shamba la babu limegawanywa mara nyingi hadi likabaki mistari michache ya michai, mzazi anajua kwamba urithi atakaomwachia mwanawe ni elimu.

Serikali nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, ilipiga marufuku masomo ya likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Hata hivyo, kila mkazi wa mitaa yetu anajua kwamba madarasa hayo hayakwisha. Mengine yalihamia kwenye kumbi, kwenye nyumba za watu na vyumba vya nyuma vya maduka.

Mimi mwenyewe sikuwa na usafi wa kumhukumu mama yule. Jioni ya siku hiyo nilirudi nyumbani nikamkuta kijana wangu wa Kidato cha Pili amelala juu ya kitabu cha Fizikia, kalamu ikiwa bado mkononi. Ukutani palikuwa na ratiba ya likizo niliyoiandika kwa mkono wangu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne na nusu usiku. Mtu anayewashauri watoto wa wengine kila siku alikuwa amesahau kumshauri wa kwake. Niliibandua ratiba ile usiku huo huo.

USINGIZI NDIO KARANI

Wengi wetu hudhani kwamba mtu anapolala ubongo nao huzimika, na kwa hiyo saa za usingizi ni saa zilizopotea. Ukweli ni kinyume chake.

Fikiria kituo cha kununulia majani chai. Mama amechuma tangu asubuhi, kikapu kimejaa. Lakini majani yale hayawi mali yake mpaka karani ayapime na kuyaandika. Karani asipofika, majani hukaa kituoni yakapata joto, yakaharibika, na kazi ya kutwa ikapotea. Hivyo ndivyo yalivyo masomo ya mchana. Usingizi ndio karani. Wakati mtoto amelala, ubongo huyapitia mambo ya siku hiyo, huyapanga na kuyahifadhi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1924 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Jenkins na Dallenbach, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Mara nyingine walilala baada ya kukariri, na mara nyingine waliendelea na shughuli zao wakiwa macho. Kila walipolala walikumbuka mengi zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda ule ule. Tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha jambo hilo.

Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Aidha, mwili wake hubadilika wakati wa kubalehe. Homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutoka kuliko alipokuwa mdogo. Ndiyo maana kijana wako haoni usingizi mapema na asubuhi haamki kwa urahisi. Huo si uvivu, ni maumbile. Ukimwamsha saa kumi na nusu alfajiri unamwondoa kitandani karani akiwa bado na kalamu mkononi.

Mtoto aliyelala saa nne hushindwa kusikiliza kwa makini, hukasirika upesi, husahau, na hufanya makosa madogo madogo katika hesabu ambazo kwa kweli anazijua. Kisha mzazi akiona alama hizo mbaya humwongezea saa za kusoma, naye mtoto huzidi kuchoka. Mwaka mzima unaweza kupita hivyo bila mtu kugundua.

CHAI: NEEMA INAYOTAKA KIASI

Mimi ni mkazi wa eneo hili na chai ndiyo inayotulisha, kwa hivyo nisieleweke vibaya. Chai ni kinywaji kizuri. Lakini mwanafunzi ajue mambo mawili.

La kwanza ni kafeini, kemikali iliyomo ndani ya majani chai inayofukuza usingizi. Kwa mtu wa kawaida, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kijana anayekunywa strungi saa tatu usiku bado ana nusu yake katika damu saa nane za usiku. Hata akilala, usingizi wake huwa mwepesi. Vinywaji vya makopo vinavyotangazwa kuwa vya kuongeza nguvu vina kafeini nyingi vilevile, na vijana huvinywa sana siku za mitihani. Miraa haina nafasi kabisa katika mwili wa mwanafunzi.

La pili ni damu. Chai ina tanini ambazo hushikana na madini ya chuma yaliyo katika mboga, maharagwe na nafaka, mwili ukashindwa kuyafyonza. Chai ikinywewa pamoja na mlo wa namna hiyo inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata, na kuitia maziwa hakuondoi tatizo hilo. Msichana anayepoteza damu kila mwezi, tena anayekula ugali na mboga huku akiteremshia kwa chai, yumo katika hatari ya kupungukiwa.

Na chuma si cha damu peke yake, kwani ubongo nao unakihitaji. Mwaka 1996 madaktari wa mji wa Baltimore, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wasichana wa shule za sekondari ambao walikuwa na upungufu wa chuma ingawa damu yao haikuwa imeshuka bado. Waliopewa vidonge vya chuma walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kujifunza na kukumbuka maneno kuliko wale ambao hawakupewa. Huenda basi msichana anayeitwa mzito wa kuelewa anahitaji mboga na vidonge kabla ya kuhitaji mwalimu wa ziada.

Ushauri wangu ni mwepesi na hauna gharama kubwa. Chai inywewe saa moja hivi kabla ya chakula au saa moja baada yake. Mtoto ale managu, saga, maharagwe, ndengu, omena, na nyama au maini inapowezekana. Mboga hizo ziandamane na tunda lenye vitamini C kama pera au chungwa, ambalo husaidia chuma kuingia mwilini. Mursik na maziwa ni lishe bora, lakini hayawezi kushika nafasi ya vyakula vyenye chuma. Msichana ambaye hedhi yake ni nzito, au mtoto yeyote aliye mweupe viganjani na anayehema akipanda kilima, apelekwe kupimwa. Wakati mwingine minyoo ndiyo inayonyonya damu. Vidonge vya chuma vinywewe kwa maji wala si kwa chai, na viendelee kwa miezi kadiri daktari atakavyoelekeza hata kama mtoto amepata nafuu.

HOFU YA HISABATI NI KITU CHA KWELI

Kuna mtoto anayeumwa tumbo siku ya Hisabati na Jumapili hana neno. Usiharakishe kumwita mwongo. Wataalamu wa saikolojia wameichunguza hofu ya hisabati kwa miaka mingi, na tangu mwaka 1972 kuna hata kipimo chake. Mapigo ya moyo huongezeka, viganja hutoka jasho, tumbo hunyongeka. Maumivu hayo ni ya kweli, ila chanzo chake hakimo tumboni.

Hofu hiyo hudhuru kwa njia moja mahususi. Ubongo una mahali padogo pa kushikilia mambo unayoyafanyia kazi wakati huo, kama vile tarakimu unazobeba unapojumlisha. Hofu ikiingia hukalia mahali hapo, na hesabu hukosa pa kukaa. Mtoto aliyeijua kanuni jana usiku, leo mbele ya darasa haioni. Mwalimu akimcheka au mzazi akimlinganisha na binamu yake, kesho hofu itakuja mapema zaidi.

Dawa ya hofu hii ni kumrudisha mtoto mahali anapoweza kufaulu, kisha kumpandisha ngazi moja moja. Hii ndiyo sababu nilimuuliza msichana yule kuhusu nusu na theluthi.

USISAHAU MACHO

Kabla ya kulipa shilingi yoyote ya masomo, hakikisha kwamba mwanao anaona ubao. Msimamishe mlangoni umwonyeshe maandishi yaliyo mbali, jicho moja kwa wakati. Anayekunja uso, anayenakili kutoka kwa jirani, au anayesoma tatu kama nane, apelekwe kupimwa macho. Nimeona wanafunzi ambao Fizikia yao ilitengenezwa na miwani.

Kukaa ndani kutwa nako hakuyafai macho. Mjini Guangzhou, China, watafiti walichukua shule 12 za msingi na kuwapa watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo dakika 40 zaidi nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, kama walivyoeleza mwaka 2015, asilimia 30.4 ya waliotolewa nje walikuwa wameshindwa kuona mbali, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wengine. Hao walikuwa watoto wadogo kuliko wetu wa sekondari, lakini funzo linabaki. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu ya Kericho, unazidi mbali mwanga wa taa ya chumbani. Kazi ya shambani ya kiasi, mpira, au kukimbia kabla ya mvua ya alasiri ni sehemu ya masomo.

DOZI IFAAYO

Sasa, mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe likizoni afanye nini? Haya ndiyo ninayowaambia wanaokuja kwangu, na ndiyo niliyoyafuata nyumbani.

Kwanza, tafuta mahali njia ilipopotea. Mpe mtoto maswali machache ya darasa la nne, la tano, la sita, kwa upole na bila kuandika alama. Akisami, asilimia, namba hasi na vipimo ndivyo nguzo. Mwanafunzi asiyejua uwiano hawezi kuelewa moli katika Kemia, hata ukimfundisha mchana na usiku.

Pili, saa mbili za asubuhi zatosha, tena zenye mapumziko kila baada ya dakika 40. Si lazima mwalimu awe wa kulipwa sana. Kijana wa jirani aliyemaliza Kidato cha Nne na anayeipenda Hisabati anaweza kufaa kuliko ukumbi wa wanafunzi 80. Wakiwa wawili au watatu, kila mmoja amweleze mwenzake. Anayeweza kueleza ndiye aliyeelewa.

Tatu, kidogo kidogo na mara kwa mara. Tangu Ebbinghaus wa Ujerumani alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1885, imejulikana kwamba jambo likirudiwa kwa vipindi vilivyoachana hukaa zaidi kuliko likishindiliwa siku moja. Somo la leo liguswe tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, kitabu kifungwe. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima bila kutazama maandishi walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliosoma maandishi yale yale tena na tena. Kusoma kurasa zile zile hadi usiku wa manane humpa mtoto imani kwamba anajua. Karatasi tupu ndiyo inayosema kweli.

Tano, tumia yaliyo mbele ya macho. Nyumbani kwangu tulichukua majani chai mabichi tukayagawa mara mbili. Nusu tuliyapitisha kwanza katika mvuke wa maji yanayochemka, kisha yote tukayaponda. Yaliyopita mvukeni yalibaki kijani, na mengine yakageuka hudhurungi. Hapo kijana wangu alielewa vimeng'enya na jinsi joto linavyoviua, jambo alilokuwa amelikariri bila kulielewa. Kikombe cha strungi ukikitia maji ya ndimu hupauka, na ukikitia magadi hukolea, na hapo pana somo zima la asidi na besi. Kwa kuwa tuko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya birika letu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi wala si 100. Mwulize mtoto kwa nini maharagwe hukawia kuiva huku kuliko Mombasa. Mwulize pia, ikiwa kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyokaushwa, kikapu cha mama kitatoa kiasi gani? Hiyo ni Hisabati yenye maana kwake.

Sita, kitanda kina saa yake. Anayeamka saa kumi na mbili asubuhi awe amelala ifikapo saa tatu na nusu usiku. Simu ilale katika chumba cha wazazi. Na iwepo siku moja kwa wiki isiyo na kitabu kabisa.

DALILI ZA KUKUPELEKA HOSPITALI

Si kila maumivu ya kichwa ni ya uchovu. Mpeleke mtoto kwa daktari upesi ikiwa kichwa kinamwamsha usingizini, anatapika asubuhi mara kwa mara, ana homa na shingo imekakamaa, mkono au mguu umelegea, haoni vizuri ghafla, au amepatwa na degedege. Anayezirai, hata mara moja, apimwe.

Vilevile, mtoto akijitenga, akiacha kula, au akitamka kwamba ni heri asingekuwepo, usilichukulie neno hilo kuwa utundu. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake, na utafute msaada siku hiyo hiyo. Nchini Kenya kuna pia simu ya watoto ya 116, isiyolipishwa.

ALIPORUDI

Msichana yule nilimpa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo, nikamwandikia mama ratiba ya usingizi kwenye karatasi ya dawa, kwa sababu karatasi ya dawa huheshimiwa. Mama hakufurahi. Aliniuliza kama nitamrudishia mbuzi wake. Nikamwambia sina mbuzi, lakini ajaribu kwa likizo hiyo moja. Binamu ya msichana, aliyekuwa akisubiri kujiunga na chuo, alikubali kumfundisha akisami saa mbili kila asubuhi kwenye meza ya jikoni.

Walirudi Novemba. Himoglobini ilikuwa imefika 12.6 na maumivu ya kichwa yalikuwa yamekwisha. Sitakudanganya kwamba alikuwa wa kwanza darasani. Katika Hisabati alikuwa ametoka E akafika D ya juu, na mwaka uliofuata alimaliza shule akiwa na C. Lakini siku ile nilipomuuliza tena lile swali la nusu na theluthi, alicheka kwanza, kisha akajibu "tano juu ya sita," akanieleza na sababu yake bila kuulizwa. Mama alikuwa ameniletea fungu la managu. Alipokuwa akiondoka aligeuka mlangoni akasema kwamba ana mwingine wa darasa la sita, naye angetaka nimuulize maswali yangu.

Likizo ikija, mzazi, kabla hujalipa wala kuandika ratiba, fanya mambo manne: mpime macho, tazama viganja vyake, hesabu saa zake za kulala, na mwulize hesabu ya darasa la tano. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha ikiwa mwanao anahitaji mwalimu, daktari, au kitanda chake tu.